Kutenganisha Monetaria moneta na Monetaria annulus

Kauri hizi mbili huishi pamoja miambani, mara nyingine chini ya jiwe moja. Wengi huanza na rangi, na hapo ndipo hukosea. Anza na umbo.

1. Sugua gamba kwa maji matupu na mswaki laini. Siki usiiguse: inakula chokaa, na mng'ao ukishaondoka haurudi.

2. Lilaze mdomo (ule ufa wenye meno) chini juu ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya njano huifanya annulus ya kijivu ifanane na moneta. Tazama kutoka juu kabisa. Annulus ina umbo la yai. Moneta ina pembe, nayo imetanuka upande wa nyuma.

3. Fumba macho, pitisha ukucha ukingoni, upande ule mpana. Kwenye annulus unateleza. Kwenye moneta unapanda na kushuka vinundu, kushoto na kulia. Hatua hii naiamini kuliko zote.

4. Sasa rangi. Annulus ina pete ya dhahabu, ndani yake kijivu cha buluu. Moneta ni ya njano, pengine na mikanda ya kijivu iliyokatiza mgongo. Ila moneta nyingine nazo zina pete, nyembamba na hafifu, kwa hiyo pete peke yake haitoshi.

Meno ya mdomo yaacheni. Kwa zote ni mafupi na manene.

Maswali

*Yangu ina milimita 14, nyepesi, haina pete wala vinundu. Ni ipi?*
Geuza utazame mdomo. Kama kingo za ufa ni nyembamba, hazijajikunja ndani na hazina meno, hiyo bado changa. Pete na vinundu huja baadaye. Andika "Monetaria sp." (yaani spishi haijatambuliwa) uishie hapo.

*Za ufukweni zimekuwa nyeupe pe. Je?*
Jua na mchanga vimekula rangi. Rudi hatua ya 3. Ukingo ukiwa umesagika pia, iweke kando, usibahatishe.

*Na kauri za kale zilizotobolewa mgongo?*
Ukingo umebaki, basi hatua ya 2 na ya 3 zinatosha. Kwa zilizookotwa Afrika Magharibi, usidhani zote ni moneta za Maldivi: katika karne ya 19 annulus zilipelekwa huko kwa shehena kutoka Zanzibar. Pima moja moja.