Somo: Kahawa ya chini na kahawa ya juu, Kilimanjaro

Kabla hujanunua mche, jua shamba lako liko mita ngapi kutoka usawa wa bahari, simu itakuonyesha. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua nusu digrii na ushei. Mimi niko mita 1,150, shemeji yangu yuko 1,600. Kutembeleana ni mwendo wa bodaboda, lakini hatulimi kahawa moja.

Hatua ya 1: Mche. Juu kwenye ukungu adui ni chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha buni changa, chini kwenye joto ni kutu ya majani. Aina chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, zinahimili yote mawili. Mibuni ya babu, hapana.

Hatua ya 2: Shimo. Sentimita 60 kila upande, lichimbwe mapema. Rudisha udongo wa juu na samadi debe mbili, upande masika yakishika.

Hatua ya 3: Kivuli. Hapa ndipo tunapoharibu. Wengi tulikata miti ya kivuli, mringaringa na mruka, tupate mbao, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kikabaki na migomba mitupu. Halafu tunalaumu jua, kumbe hata usiku umebadilika: utafiti wa arabika, kahawa hii tunayolima huku, ya Tanzania uliochapishwa 2015 ulikuta kila digrii moja ikiongezeka kwenye joto la usiku, hekta inapoteza kama kilo 137. Mti hautaupooza usiku huo, sisemi uongo. Ila mchana unapunguza joto na kutunza unyevu. Chini ya mita 1,300 usiukose. Juu, upogoe, maana kivuli kizito na ukungu ni karamu ya chulebuni.

Hatua ya 4: Matandazo ya majani ya migomba, yasiguse shina.

MASWALI

— Shikamoo mzee. Niko Rombo, mita 1,500. Buni zina tundu dogo kitovuni, nikipasua natoa ungaunga. Zamani hatukuliona hili.

Marahaba. Huyo ni mdudu mtoboa buni. Alikuwa wa chini, joto linampandisha mlima. Vuna zote, hata zilizokaukia mtini, na uokote zilizodondoka. Humo ndimo anamosubiri msimu mwingine.

— Mimi niko mita 900. Nihamie robusta kama Bukoba?

Robusta inavumilia joto, kiu haivumilii. Bukoba wana mvua ya ziwa. Wewe mfongo, mfereji wa maji ya mlimani, unakufikia? Kama mahindi yako yanaungua kabla ya kubeba, hiyo hela nunulia mbuzi.