Jinsi ya Kusanifu Kichakataji Sambamba cha Mwangwi wa Sauti Ziwani

Wavuvi wa dagaa wanaotoka Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, jioni na taa zao hulitafuta kundi la samaki gizani kwa uzoefu, na kifaa kinachosikiliza mwangwi wa sauti majini kingeweza kuwaonyesha lilipo. Nakitumia kuwa mfano wa kusanifu kichakataji sambamba kwa sababu kinadai hesabu nyingi zifanyike kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuchora sakiti yoyote, hesabu kazi. Tuseme kuna vipokezi 16 chini ya mtumbwi, sauti ina masafa ya kilohezi 200, na kila kipokezi kinatoa sampuli (vipimo vya sauti) 1,000,000 kwa sekunde. Kichujio, yaani hesabu inayotenganisha mwangwi na kelele, chenye namba 64 za kuzidisha kwa kila sampuli kitahitaji mazidisho 1,024,000,000 kila sekunde. Ikiwa saa ya chipu ya FPGA (chipu ambayo sakiti zake hupangwa na mtumiaji mwenyewe) inapiga mara 100,000,000 kwa sekunde, na kila kizidishi kinamaliza zidisho moja kwa kila mpigo, vizidishi 11 vingetosha. Mimi ningeweka 16, kimoja kwa kila mkondo wa sampuli kutoka kipokezi kimoja, kwa kuwa udhibiti unakuwa mwepesi na bado mipigo 36 kati ya 100 ya kila sampuli inabaki huru.

Sehemu inayowaangusha wengi ni kumbukumbu. Katika jaribio langu la kwanza niliiweka mikondo yote 16 kwenye kumbukumbu moja iliyotoa sampuli moja kwa mpigo. Kazi ilitaka usomaji 1,024 katika mipigo 100, na vizidishi vikashinda vikisubiri zamu. Kila mkondo upewe kumbukumbu yake ndogo, kando ya kizidishi chake. Namba za kichujio zinaweza kusomwa mahali pamoja na kusambazwa kwa wote, mradi mikondo yote iende kwa hatua moja.

Upana wa biti, yaani idadi ya tarakimu za 0 na 1 katika kila namba, uupange mapema. Biti 16 zikizidishwa kwa biti 16 huzaa 32. Kujumlisha mazao 64 kunaongeza 6, na kuunganisha mikondo 16 kunaongeza 4, hivyo kijumlishi cha mwisho kiwe na biti 42. Ukipunguza, mwangwi mkubwa utafurika na kugeuka namba hasi, nawe utaupoteza uliokuwa ukiutafuta.

Mikondo, baada ya kila mmoja kucheleweshwa kwa kiasi chake ili sauti za upande mmoja zikutane, ijumlishwe wawiliwawili katika ngazi 4. Usiiache ishara izipite zote kwa mpigo mmoja. Weka rejista (kihifadhi kidogo kinachoshika namba hadi mpigo unaofuata) baada ya kila ngazi, zipokezane kama wapakuaji wa magunia bandarini Kigoma, ambapo hakuna anayesubiri gunia la kwanza lifike ghalani ndipo anyanyue la pili. Jibu litachelewa mipigo 4, yaani nanosekunde 40, muda ambao sauti majini, kwa mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde, husafiri milimita 0.06 tu.