Vim ikichafuka kwa teminali, usikimbilie kufuta .vimrc

Vijana wengi hapa Kisumu wakiingia seva ya kazi kutoka laptopu ya nyumbani wanafungua Vim, ile programu ya kuandika na kurekebisha mafaili ndani ya teminali, wanapata mistari imepandana na rangi zimepotea, na kitu ya kwanza wanafuta ni .vimrc, faili ya mipangilio ya Vim. Ndugu yangu ngoja kwanza. Fungua na vim -u NONE, hiyo haisomi .vimrc kabisa, na kama bado ni chafu basi shida haijatoka kwa .vimrc yako.

Uchafu wa mara moja ni rahisi, Ctrl-L inachora skrini upya. Ukishatoka Vim na herufi hazionekani ukitaipu, andika reset tu hivyo gizani ubonyeze Enter. Na ikiganda kabisa, mara nyingi mtu amebonyeza Ctrl-S akitaka kusevu, Ctrl-Q inaifungua.

Ikirudi kila siku sasa toka Vim uandike echo $TERM, itakuonyesha jina la aina ya teminali yako. Hilo jina ndilo Vim inaamini, inalitafuta kwa terminfo, orodha ya teminali na uwezo wake, ijue vile kishale kinasogezwa na rangi zinapakwa, kwa hivyo jina likiwa la uongo kila kitu kinaenda kombo. Ndani ya tmux, ile programu ya kugawa teminali moja kuwa kadhaa, inafaa uone tmux-256color ama screen-256color, nje kwa kawaida ni xterm-256color. Wale wameweka export TERM kwa .bashrc, faili ya mipangilio ya shell, watoe hiyo laini, kwa sababu inafuta jina ambalo tmux imeweka, na hii ndio naona ikisumbua watu zaidi. Kama unatumia teminali ya Kitty, seva ya zamani inaweza kuwa haijui xterm-kitty, jaribu TERM=xterm-256color vim na jina la faili. Rangi zikiwa za ajabu tu, andika :set notermguicolors ndani ya Vim, si kila teminali inabeba rangi zote.

Halafu kuna maandishi yetu. Ukikopi Kiswahili ama Dholuo kutoka Word, ile alama ya ng’ombe ama ng’ato si ile ya kibodi, Word imeipindisha na sasa ni baiti tatu za UTF-8, ule mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, kwa hivyo seva ikiwa na LANG=C, mpangilio wa lugha usiotumia UTF-8, unaweza kuona takataka kama <80><99> katikati ya neno. Usianze kuzifuta moja moja, utaharibu faili nzuri! Andika locale uone mpangilio wa lugha ulioko sasa, kisha locale -a uone zingine zilizoko, weka export LANG=C.UTF-8 ama en_US.UTF-8 kama iko, funga Vim bila kusevu ufungue tena, na :set encoding? ikijibu utf-8 ng’ombe wako amerudi mzima.