Kuugua na Kuuguza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba Ruhusa Kazini

Simu ikipigwa usiku kutoka Tukuyu kwamba mama amezidiwa, hakuna anayekaa kusoma sheria. Unapanda gari la kwanza, na bosi anapata ujumbe wako ukiwa umeshapita Uyole. Maandalizi yake hufanywa mapema, nyumbani kukiwa shwari, na yanaanza kwa kutenganisha maneno mawili tunayoyachanganya sana: kuugua na kuuguza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imemtengea anayeugua siku nyingi. Anayeuguza imempa chache mno, na hapo ndipo watu wengi wanapoumbuka.

Tuanze na wewe mwenyewe unapoumwa. Usihangaike kutafuta orodha ya magonjwa yanayokubalika, kwa sababu haipo. Malaria, kisukari, sonona, mguu uliovunjika bodaboda ilipoanguka Mwanjelwa, yote yanaingia, ilimradi daktari aliyesajiliwa ameandika kwamba hufai kufanya kazi kwa muda fulani. Karatasi hiyo ndiyo tunayoiita ED, na usipoileta mwajiri halazimiki kukulipa siku ulizolala. Nimeona watu wanatoka Chunya mpaka hospitali ya rufaa Mbeya, wanapanga foleni tangu alfajiri, wanarudi na mfuko wa dawa tu. Idai kabla hujatoka kwa daktari. Kagua tarehe, muhuri, na jina lako lilivyoandikwa. Kama mkataba unasema Tumaini na ED inasema Tuma, umejitafutia maswali. (Barua ya mganga wa kienyeji itafaa tu kama mwajiri atakubali kumtambua. Mimi nisingeitegemea.)

Si lazima ofisi nzima ijue unaumwa nini. Mwombe daktari aandike siku za kupumzika bila kutaja ugonjwa, na karatasi ikabidhi kwa anayeshughulikia utumishi, si kwa mlinzi getini. Nasema hivi kwa sababu Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na bado wapo wanaokosa tarehe ya kliniki kwa kuogopa kuomba ruhusa. Sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU, ulemavu au ujauzito.

Siku zenyewe za likizo ya ugonjwa ni 126, ila hazianzi upya kila Januari. Zinahesabiwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Kwa hiyo anayejiandaa kwa upasuaji aulize kwanza ametumia ngapi. Kama mwaka juzi ulilazwa ukatumia siku 40, na sasa daktari anakwambia upumzike 60, mshahara kamili utaupata kwa siku 23 tu. 37 zilizobaki ni nusu. Afadhali kulijua hilo kabla ya kukopa ada ya shule. Na ukiambiwa, "Basi tumia likizo yako ya mwaka," kataa kwa adabu: sheria hairuhusu zile siku 28 za mwaka zichukue nafasi ya likizo nyingine unayostahili.

Aliyeumia akiwa kazini, kwa mfano kwenye msumeno huko Mafinga, ahakikishe ajali imeandikwa siku ileile na mwajiri ameipeleka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hiyo ni njia nyingine kabisa, tofauti na likizo ya ugonjwa.

Kwa ujauzito, mpe mwajiri taarifa ya maandishi yenye cheti cha daktari angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio. Likizo ni siku 84, au 100 kwa mapacha, na unaweza kuianza wiki nne kabla ya makadirio, au mapema zaidi daktari akisema. Kwa aliyejifungua njiti, marekebisho ya mwaka 2025 yanamwongezea muda mpaka zitimie wiki 40 za ujauzito. Baba ana siku tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Akisubiri mama atoke hospitali ya wazazi ya Meta ndipo aombe, huenda amechelewa.

Sasa kuuguza. Mwanao akiugua, una siku nne za malipo. Siku hizohizo nne ndizo za msiba wa mwanao, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Ni nne kwa matukio yote ndani ya miezi 36. Zaidi ya hapo ni hiari ya mwajiri na hazilipwi. Soma orodha hiyo tena uone nani hayumo. Mzazi ametajwa kwa kifo tu, kuugua kwake hakumo. Mama mdogo aliyekulea, mjomba, mkwe, hawamo kabisa. Kwetu, ambako msibani hakuna anayepima ukoo kwa rula, sheria hii imekaa kigeni, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mwenye mzazi mgonjwa asimalize likizo yake ya mwaka Desemba. Aweke akiba, na azungumze mapema juu ya ruhusa bila malipo. Soma pia mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kama kazini kwenu kuna chama, maana unaweza kutoa zaidi. Zile wiki 12 za kuuguza mzazi unazosoma mtandaoni ni za sheria ya Marekani ya mwaka 1993. Hata kule hazina malipo, na Mbeya hazifanyi kazi.

Likizo hizi za malipo zinamhusu aliyefikisha miezi sita kazini, ingawa kibarua wa msimu, kama wachuma chai wa Mufindi, ametajwa kuwa naye anastahili.

Mwisho ni bahasha. Weka nakala ya mkataba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki na kila ED, halafu mwonyeshe mtu wa nyumbani ilipo. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro mingine, siku 60. Siku hizo zinahesabiwa hata ukiwa bado wodini.