Jinsi ya kumuona komba usiku hapo hapo kwako

Kama unakaa Diani, Kilifi au karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, komba wako nao uani, ila wengi wetu tunasikia tu ile sauti kama mtoto analia halafu tunafunga dirisha. Ngoja giza liingie kabisa, zima taa za nje, chukua tochi uifunge nailoni nyekundu maana mwanga mkali unawasumbua sana, ishike karibu na macho yako upitishe polepole kwenye matawi ya mwembe au mkorosho mpaka uone macho mawili yanawaka. Hapo simama. Usimfuate na tafadhali usimpe ndizi, akizoea ataingia jikoni na watu watampiga mawe. Picha piga bila flashi, kisha ipakie iNaturalist, tovuti ambapo watu huweka picha za wanyama na mimea waliyoiona.