SOMO: Kusasisha kerneli ya Linux na kuhakikisha kiraka kimeanza kazi kweli

Wakuu, habari za leo.

Mtu anakuambia seva yake iko salama, anasasisha kila Ijumaa. Unamwomba aandike `uname -r`, amri inayotaja toleo la kerneli (kiini cha mfumo) linalofanya kazi, unakuta kerneli ya mwaka jana. Hajadanganya. Kiraka, yaani marekebisho ya usalama, alikipakua na kipo kwenye diski, ila mashine haijawashwa upya tangu hapo, kwa hiyo inayofanya kazi kwenye RAM ni ile ile ya zamani na matundu yake yote. Kuna hata wanaojisifu kwamba seva imekaa mwaka mzima bila kuzimwa. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba kerneli yake haijabadilishwa mwaka mzima.

Natumia Ubuntu na Debian kwenye mifano. Wenye Fedora au AlmaLinux, mantiki ni hiyo hiyo, amri za kusakinisha ndizo tofauti.

Kwanza, kwa nini tuhangaike na kerneli

Kerneli ndiyo inayoamua nani asome faili gani, nani aandike wapi, programu ipi iguse kumbukumbu ipi. Mwanya kwenye tovuti yako unaweza kumwingiza mtu kama mtumiaji mnyonge asiye na ruhusa yoyote. Mwanya kwenye kerneli ndio unaompandisha huyo mnyonge awe root, mkuu wa mashine mwenye ruhusa zote.

Chukua mwanya uitwao Dirty Pipe, CVE-2022-0847 (CVE ni namba ya kuutambulisha kila mwanya). Max Kellermann, mtaalamu wa programu huko Ujerumani, alianza na lalamiko dogo tu: mafaili ya logi yaliyobanwa yalikuwa hayafunguki vizuri. Alipoyachungulia baiti kwa baiti akakuta baiti nane za mwisho zimebadilishwa, na zinaanza na `50 4b`, yaani herufi PK, alama inayopatikana ndani ya faili la ZIP. Takataka ya faili moja imeangukia kwenye faili jingine! Alifuatilia kwa miezi mingi, akashuku programu yake mwenyewe, mwishowe akaishia kwenye kerneli. Kuanzia toleo 5.8, alama fulani ya paipu (njia ya kupitisha data kutoka programu moja hadi nyingine) ilikuwa haisafishwi kabla ya kutumika tena, na matokeo yake mtumiaji wa kawaida aliweza kuandika kwenye faili aliloruhusiwa kulisoma tu. Hata `/etc/passwd`, faili lenye orodha ya watumiaji wa mashine. Marekebisho yalitoka kwenye 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102, na Machi 2022 habari ikatangazwa hadharani.

Na huo ulikuwa mwanya mchanga. Dirty COW, CVE-2016-5195, ulikuwemo tangu toleo 2.6.22 la mwaka 2007 na ukazibwa Oktoba 2016. Haya, tuingie kazini.

Hatua ya 1: Jua unaendesha nini

```
uname -r
uname -v
```

Hapa wengi huchanganyikiwa. Ubuntu 22.04 itakuonyesha kitu kama `5.15.0-` kisha namba nyingine, na ile sifuri haibadiliki kamwe. Unasoma kwamba mwanya fulani umezibwa kwenye 5.15.149, unaona wewe uko 5.15.0, presha inapanda. Tulia. Ubuntu huchukua marekebisho na kuyaingiza kwenye kerneli yao bila kubadilisha jina la mwanzo; namba ya kuangalia ni ile ya baada ya kistari. Ukitaka kujua inalingana na toleo gani la kerneli asilia, andika `cat /proc/version_signature`. Debian 12 nayo huandika `6.1.0-` kwenye `uname -r`, lakini `uname -v` inakutajia toleo halisi. AlmaLinux 9 imekaa kwenye 5.14 tangu izaliwe, na viraka inapata.

Kwa hiyo usihukumu kerneli kwa jina lake. Fungua ukurasa wa usalama wa Ubuntu au ule wa kufuatilia mianya wa Debian, tafuta namba ya CVE, soma kifurushi kipi kimerekebishwa, halafu linganisha na ulichonacho.

Hatua ya 2: Nafasi na umeme

```
df -h /boot
```

`/boot` ndiko kerneli zinakohifadhiwa. Kama ni patisheni ya peke yake na imejaa, kerneli mpya itaandikwa nusu. Safisha za zamani kwa `sudo apt autoremove --purge`. Tafadhali usiingie `/boot` na kuanza kufuta kwa `rm`. Apt, programu ya kusakinisha na kufuta vifurushi, itabaki ikiamini mafaili yapo. Laptopu iwe na chaji, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika `/boot` utaitafuta flashi ya Ubuntu usiku. Nakala ya data zako sitaki hata kuiongelea, najua unayo.

Hatua ya 3: Sakinisha

```
sudo apt update
apt list --upgradable | grep linux-
sudo apt full-upgrade
```

Kuna mtego hapa. Kerneli mpya huja kama kifurushi chenye jina jipya. Amri ya zamani `apt-get upgrade` husasisha vilivyopo tu, haiongezi kipya, kwa hiyo kerneli inaachwa nje na unaandikiwa "kept back" (imeachwa kama ilivyo) kwenye mstari ambao hakuna anayeusoma. Miaka inakwenda hivyo.

Mtego wa pili ni kifurushi mama kukosekana. Kwenye Ubuntu ni `linux-generic`, kwenye Debian ni `linux-image-amd64`. Hicho ndicho kinachovuta kerneli mpya kila inapotoka. Mtu akikifuta siku ya kusafisha diski, mashine itasasisha kila kitu isipokuwa kerneli, na haitakuambia neno. Hakikisha:

```
dpkg -l linux-generic linux-image-amd64
```

Kwa kawaida mojawapo itaanza na `ii`, yaani kimesakinishwa. Kama seva yako iko kwenye wingu, jina linaweza kuwa `linux-aws`, `linux-azure` au `linux-virtual`. Hilo ni sawa. Watu wa Debian 12, hakikisheni pia mstari wa `bookworm-security` upo kwenye vyanzo vyenu vya apt.

Hatua ya 4: Washa upya

Ubuntu huacha ujumbe wake hapa:

```
cat /var/run/reboot-required.pkgs
```

Kwa yeyote yule, orodhesha `ls /boot/vmlinuz-*` na ulinganishe na `uname -r`. Kama iliyoko `/boot` ni mpya kuliko inayofanya kazi, bado hujamaliza. Seva ya mbali, kabla ya `sudo reboot`, ingia kwenye paneli ya mwenye seva uone kama konsoli inafunguka. Ukitegemea SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) peke yake na mashine ikagoma kuwaka, huna mlango mwingine.

Hatua ya 5: Thibitisha

```
uname -r
grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*
```

Hiyo ya pili inakuonyesha hali ya matundu ya prosesa, familia ya Meltdown na Spectre zilizotangazwa Januari 2018. "Not affected" na "Mitigation" ni salama. Ukiona "Vulnerable" pamoja na neno microcode, kerneli imefanya sehemu yake, kilichobaki ni msimbo wa prosesa yenyewe: sakinisha `intel-microcode` au `amd64-microcode`. Debian 12 imeviweka kwenye sehemu ya `non-free-firmware`.

Hatua ya 6: Ikigoma kuwaka

Shikilia Shift wakati wa kuwaka, au gonga Esc kama mashine ni ya UEFI, hadi itokee menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha. Ingia "Advanced options", chagua kerneli ya nyuma. Ndiyo maana apt haifuti zote. Ukishaingia, `journalctl -k -b -1` itakuonyesha kerneli iliyogoma ilisema nini kabla ya kunyamaza, kama ilifika mahali pa kuandika. Ukiamua kuzuia toleo hilo kwa `apt-mark hold` (amri inayokataza kifurushi kusasishwa), andika mahali kwamba umezuia, maana hold iliyosahauliwa ni ule ule mtego wa kifurushi mama.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimejiunga na orodha ya CVE za kerneli, sasa zinamiminika kila siku. Nazifuataje zote?

Jibu: Huzifuati. Tangu Februari 2024 timu ya kerneli yenyewe ndiyo inayotoa namba hizo, na msimamo wao ni kwamba karibu dosari yoyote ya kerneli inaweza kuwa ya usalama, hivyo marekebisho mengi hupewa namba. Ukianza kuchagua kimoja kimoja utakesha. Chukua toleo lote kama linavyokuja. Za kukimbizana nazo ni zile zenye ushahidi kwamba zinatumika kushambulia. Mfano CVE-2024-1086 kwenye nf_tables, sehemu ya kerneli inayochuja mawasiliano ya mtandao: mtumiaji wa kawaida anakuwa root, na Mei 2024 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, likauweka kwenye orodha yake ya mianya inayotumiwa na wavamizi. Hapo usisubiri Ijumaa.

Swali: Nimefuata hatua zote kwenye VPS yangu (seva ya kukodi) ya bei poa. Kerneli haibadiliki hata nikiwasha upya mara ngapi. Nakosea wapi kaka?

Jibu: Hukosei. Andika `systemd-detect-virt`. Ikijibu `openvz` au `lxc`, wewe ni mpangaji kwenye kerneli ya mwenye nyumba. Yeye ndiye wa kuisasisha. Mwulize lini alifanya hivyo, na akikwepa swali, hama. Jambo hilo hilo linahusu Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani vyumba vilivyotengwa: kusasisha kontena hakugusi kerneli ya mashine iliyoibeba. Ikijibu `kvm`, mashine yako ina kerneli yake, kwa hiyo tuongee tena, hapo kuna tatizo jingine.

Swali: Livepatch (kuziba mianya ya kerneli bila kuwasha upya) je? Si inaondoa haja ya kuzima?

Jibu: Inaahirisha. Inaziba mianya mikubwa kerneli ikiwa inatembea, na Ubuntu Pro, huduma inayoijumuisha, ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine tano, kwa hiyo iweke. Lakini si kila marekebisho yanaweza kuingizwa namna hiyo. Ichukulie kama ruhusa ya kusubiri hadi wikendi. Hao hao Pro ndio msaada kwa aliyebaki na Ubuntu 20.04, maana muda wake wa kawaida uliisha Mei 2025.

Swali: Nina kompyuta nyingi kwenye maabara ya shule na bando ni la kupimia. Kila moja ipakue kivyake?

Jibu: Hapana. Chagua mashine moja, weka `apt-cacher-ng` (inayotunza vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa), kisha elekeza nyingine zote kwake kupitia mlango (port) 3142. Ya kwanza ikishapakua, zilizobaki zinachukua ndani ya mtandao wenu. Na kabla ya kubonyeza Y, soma mstari wa apt unaotaja ukubwa wa kupakua.

Swali: Simu yangu ya Android inaonyesha kerneli 4.14. Nimekwisha?

Jibu: Namba peke yake haisemi, kama kwenye hatua ya 1. Nenda mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, tafuta tarehe ya kiraka cha usalama. Tarehe inayoishia na 05 inajumuisha marekebisho ya kerneli na ya vifaa vya mtengenezaji. Inayoishia 01 haina uhakika huo. Ikiwa tarehe ni ya miaka miwili nyuma na simu inasema iko sawa, mtengenezaji ameshaiacha.

Swali: Nimesasisha jana, Wi-Fi imepotea. Kerneli ya nyuma inaishika vizuri.

Jibu: Draiva yako imejengwa nje ya kerneli. Andika `dkms status`; DKMS ndiyo inayojenga draiva za namna hiyo. Utaona imejengwa kwa kerneli ya zamani tu. Ukiwa kwenye hiyo ya zamani yenye mtandao, sakinisha `linux-headers` za toleo jipya, kisha `sudo dkms autoinstall -k` ikifuatiwa na jina kamili la kerneli mpya. Ikijengwa lakini bado haipandi, angalia `mokutil --sb-state`: Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, ikiwa imewashwa, inakataa moduli (draiva) isiyo na saini. Ubuntu hukuuliza nenosiri wakati wa kusakinisha, kisha mashine ikiwaka inatoa skrini ya bluu ya kusajili ufunguo. Wengi huiruka wakidhani ni hitilafu. Chagua "Enroll MOK", weka lile nenosiri, uendelee.