Jinsi ya kuandika historia ya jukwaani ya The Arcadians ng'ambo, ukiwa Mbeya au Iringa

Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho aliyeko Nyanda za Juu Kusini anaweza kufuatilia ziara za The Arcadians, komedi ya muziki ya Uingereza ya enzi ya Mfalme Edward VII, nje ya nchi hiyo bila kupanda ndege. Simu, bando na kaunta buku moja vinatosha. Magazeti mengi ya zamani yameskaniwa na yanasomwa bure: ya Australia yapo kwenye tovuti ya Trove, ya New Zealand kwenye Papers Past, ya Singapore kwenye NewspaperSG. Kuyapata si kazi. Kazi ni kujua lipi la kuamini.

Anzia London. The Arcadians ilifunguliwa Shaftesbury Theatre tarehe 28 Aprili 1909 chini ya mtayarishaji Robert Courtneidge, ikachezwa mara 809. Muziki ni wa Lionel Monckton na Howard Talbot. Nakili majina ya wahusika pia, Sombra, Simplicitas, Eileen Cavanagh na Peter Doody, maana ndiyo utakayotafutia.

Kisha chora safu kwenye kaunta buku: tarehe, mji, ukumbi, kampuni, waigizaji, gazeti na ukurasa. Ongeza safu ya mwisho, nyembamba, ya aina ya ushahidi: T kwa tangazo, U kwa uhakiki. Safu hii ndiyo itakayookoa kazi yako. Tangazo linaonyesha nia tu. Meli ikichelewa au mwimbaji akiugua, usiku ule ulichezwa mchezo mwingine. Usiandike kwamba onyesho lilifanyika mpaka upate uhakiki wa siku zilizofuata.

Unapotafuta, usiandike "Arcadia" peke yake: utaletewa habari za meli ya kampuni ya P&O yenye jina hilo, kurasa kwa kurasa. Andika "Arcadians" pamoja na "Doody" au jina la ukumbi. Mashine inayosoma picha za magazeti huchanganya c na e, kwa hiyo jaribu na "Areadians". Wimbo wa mchezo huu, "My Motter", uuweke ndani ya alama za kunukuu, la sivyo utapata kila "motto" iliyowahi kuchapishwa. Hata ukiupata, mara nyingi ni tamasha la bendi, si mchezo wenyewe.

Kosa la kawaida ni kulinganisha zile 809 na usiku mmoja wa Singapore, kisha kusema mchezo ulikataliwa. Maurice Bandmann, aliyezungusha makundi yake ya waigizaji Misri, India na bandari za Mashariki, alibeba michezo mingi kwa pamoja na kuibadilisha karibu kila usiku. Usiku mmoja au miwili ulikuwa utaratibu wa biashara. Kwa Australia angalia kampuni zilizokaa muda mrefu zaidi katika miji mikubwa.

Ukikuta miji miwili iliyo mbali inadai tarehe moja, usifute upesi. Bandmann alikuwa na zaidi ya kundi moja kwa wakati mmoja. Linganisha waigizaji, halafu soma habari za meli na abiria za wiki ile.

Maonyesho ya vikundi vya ridhaa yape ukurasa wake, yasichanganywe na ziara za kampuni.

Picha za kurasa hula bando. Soma kwanza maandishi yaliyotolewa na mashine, ufungue picha ya ukurasa utakaounukuu tu, na uihifadhi papo hapo pamoja na kiungo chake cha kudumu, kabla umeme au mtandao haujakatika.